Figo ya panya mwenye kisukari: kwa nini namba moja husema mambo mawili

Chukua vipanya watatu wa maabara, wote madume, wote wa umri mmoja. Wa kwanza ni mzima, ana gramu 25, na figo zake huchuja mikrolita 250 kwa dakika. Wa pili alichomwa dawa inayoua seli za insulini. Amekonda hadi gramu 20 na anachuja 280. Wa tatu ni mnene wa kurithi, ana gramu 50, na anachuja 400. Namba ni za mfano wa hesabu, lakini zinafanana na zinazopatikana maabara.

Ukizisoma zilivyo, wagonjwa wote wawili wanachuja kuliko mwenzao mzima. Ukizigawa kwa uzito wa mwili, mzima anabaki na 10 kwa kila gramu, aliyekonda anapanda hadi 14, na mnene anashuka hadi 8. Kipanya yuleyule aliyekuwa anachuja kupita kiasi sasa anaonekana figo zimemchoka. Hakuna aliyekosea kupima. Kilichobadilika ni kigawanyo.

Kabla ya kuendelea, neno "panya" lenyewe linahitaji kutenganishwa, maana Kiswahili hutumia jina moja kwa wanyama wawili tofauti sana kimaabara. Hapa kipanya ni yule mdogo wa gramu 20 hadi 30, na panya ni yule mkubwa wa gramu 200 na kuendelea. Panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini ni kiumbe mwingine kabisa na hawamo katika habari hii.

Figo huanza kwa kufanya kazi kupita kiasi

Kipimo kinachotafutwa ni kasi ya uchujaji, ile inayoandikwa GFR kwenye majibu ya hospitali: kiasi cha plazma kinachopenyezwa na vifundo vyote vya mishipa midogo, yaani glomeruli, kwa dakika. Mtu asiyeuzoea ugonjwa huu hutegemea kwamba kisukari kitashusha kasi hiyo tangu siku ya kwanza. Sivyo. Kwanza hupanda.

Sababu iko kwenye mrija unaofuata baada ya glomeruli. Sukari nyingi ikichujwa, mrija wa mwanzo huirudisha mwilini kwa kutumia kisafirishi kiitwacho SGLT2, na kila chembe ya sukari inayorudi huambatana na sodiamu. Kwa hiyo chumvi inayofika mbele, kwenye kituo cha seli zinazoonja mkojo unaopita, ni kidogo kuliko kawaida. Seli hizo hutafsiri upungufu huo kuwa uchujaji umepungua, na hulegeza mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye glomeruli. Damu huingia kwa shinikizo, uchujaji hupanda, na kuta nyembamba za mishipa huanza kuchakaa. Dawa zinazoziba SGLT2 huvunja mnyororo huu, na ndiyo maana kasi ya uchujaji hushuka kidogo mgonjwa anapoanza kuzitumia, jambo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana kama madhara.

Mambo haya hayakubuniwa mezani. Mwaka 1981 Hostetter, Troy na Brenner waliwachunguza panya wa aina ya Munich-Wistar, ambao baadhi ya glomeruli zao ziko juu kabisa ya figo na zinaweza kuchomwa kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Panya wenye kisukari cha wastani walikuwa na uchujaji uliopanda. Wale wenye kisukari kikali, walioachwa bila insulini, uchujaji wao ulikuwa umeshuka. Ugonjwa mmoja, dawa moja ya kuuleta, matokeo mawili yanayopingana, na tofauti ikiwa ni jinsi mnyama alivyotunzwa. Mwaka 1986 Zatz akiwa pamoja na Brenner na wenzao walionyesha kwamba enalapril, dawa ya shinikizo la damu, kwa kushusha shinikizo ndani ya glomeruli, iliwakinga panya wa aina hiyo na kuvuja kwa albumini, protini kuu ya damu, kwenye mkojo. Mwaka 1993 majaribio ya captopril, dawa ya kundi hilohilo, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza yalithibitisha kwamba kundi hilo la dawa huchelewesha kuharibika kwa figo za binadamu. Ni mojawapo ya njia zilizonyooka zaidi kutoka kwa panya hadi wodini, na ilianza kwa watu waliojali panya wao ana sukari kiasi gani na amepewa insulini kiasi gani.

Kisukari hutengenezwa vipi

Njia inayotumika zaidi ni streptozotosini, sumu inayotokana na bakteria wa udongo. Umbo lake lina kipande cha sukari, kwa hiyo huingia kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini kupitia mlango wa sukari uitwao GLUT2, kisha huharibu DNA ya seli hizo. Tatizo ni kwamba mlango huohuo uko pia kwenye ini na kwenye mirija ya mwanzo ya figo. Dawa ya kuleta kisukari ni sumu ya figo yenyewe, na hapo ndipo tafiti nyingi huzama mapema.

Panya mkubwa huchomwa dozi moja, kwa kawaida miligramu 55 hadi 65 kwa kila kilo. Kwa kipanya, dozi moja kubwa ya miligramu 150 hadi 200 kwa kilo huleta kisukari upesi lakini huumiza mirija ya figo kwa kiwango ambacho hutaweza kukitenganisha na athari ya sukari. Utaratibu salama zaidi ni dozi ndogo: miligramu 50 kwa kilo, tumboni, siku 5 mfululizo, kila mara baada ya mnyama kukaa saa 4 hadi 6 bila chakula. Kipanya wa gramu 25 anapata miligramu 1.25 kwa siku. Unga huyeyushwa kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) baridi ya sitrati yenye pH 4.5, na kuanzia hapo saa inakukimbiza: dawa huanza kuvunjika, na inapaswa kuwa imeingia mwilini ndani ya dakika 15 hivi. Anayeyeyusha chupa moja kwa ajili ya vipanya 30 atakuta wa kwanza wana kisukari kikali na wa mwisho hawana chochote. Pima unga mapema kwenye vichupa vidogo vilivyofunikwa kwa karatasi ya alumini, kila kimoja cha wanyama watano, na uyeyushe kimoja kimoja. Kundi la kulinganishia linachomwa bafa tupu, kwa siku zilezile. Dawa hii inaweza kusababisha saratani, kwa hiyo glavu na kabati la hewa si mapambo, na matandiko ya siku za mwanzo hayatupwi na takataka za kawaida.

Seli za kongosho zinapokufa humwaga insulini yao yote kwa mara moja. Saa chache baada ya dozi kubwa, sukari inaweza kuanguka hadi kuua. Maji ya sukari ya asilimia 10 usiku wa kwanza huokoa wanyama wengi. Wiki moja au mbili baadaye ndipo sukari hupimwa, na kizingiti cha kumhesabu mnyama kuwa mgonjwa, mara nyingi miligramu 250 au 300 kwa desilita, kiwe kimeandikwa kabla ya kuona majibu. Mashine nyingi za kupimia huishia 600 na kuandika neno badala ya namba. Wanyama wote wenye neno hilo si sawa, hata kama kwenye daftari wanaonekana hivyo. Halafu subiri. Kasoro ya figo ndani ya wiki 3 au 4 za mwanzo inaweza kuwa ya sumu tu.

Aloksani, ambayo hutumika sana kwenye tafiti za mimea ya dawa kwa kuwa bei yake ni nafuu, hufanya kazi kwa njia inayofanana, lakini nafasi kati ya dozi inayoleta kisukari na dozi inayoua ni nyembamba, na figo huumia vilevile. Kwa swali la figo, ningeichagua mwisho.

Nasaba na jinsia huamua mengi kuliko dozi. C57BL/6, kipanya anayepatikana kila maabara, ni mkaidi: anakaa na sukari ya juu miezi na figo zake zinaonyesha mabadiliko madogo tu. DBA/2 na FVB huumia zaidi. Majike huhimili streptozotosini kuliko madume, na hata kwa vipanya wa Akita, wenye kosa kwenye jeni ya insulini, dume huwa na sukari ya juu na jike hafifu. Kwa kisukari cha unene kuna db/db, ambaye kipokezi chake cha leptini, homoni ya shibe, ni kibovu. Akiondolewa pia jeni ya eNOS, kimeng'enya kinacholegeza mishipa, ugonjwa wake wa figo unakaribia zaidi ule wa binadamu, kasi ya uchujaji ikiwemo. BTBR ob/ob, kipanya mwingine mnene wa kurithi, naye huumwa sana, na mapema.

Mkojo

Alama ya kwanza ya ugonjwa ni albumini kwenye mkojo. Kuikusanya kunaonekana rahisi: mnyama huwekwa kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, mkojo unachirizika kwenye kichupa, kinyesi kinadondokea kando. Lakini kipanya aliyetolewa kwenye pamba yake na kuwekwa peke yake juu ya waya hushtuka, hula kidogo na hupungua uzito. Mzoeze siku moja au mbili kabla ya kuanza kuhesabu. Kipanya mzima hukojoa mililita 1 au 2 kwa siku, na mwenye kisukari kikali anaweza kupita 15. Kichupa kidogo hufurika usiku, na wewe asubuhi unakuta mkojo umejaa ukingoni na hujui ni kiasi gani kimepotea. Chupa ya maji nayo hukauka kabla ya alfajiri; weka mbili, kwa sababu mnyama aliyekosa maji saa sita si tena mnyama uliyekusudia kumpima.

Usitumie kijiti cha kuchovya wala kipimo cha protini zote. Vipanya, hasa madume, hukojoa kwa kawaida protini nyingi zinazotengenezwa na ini kwa ajili ya harufu ya mawasiliano yao. Kijiti hubadilika rangi kwa dume mzima kabisa. Kinachotakiwa ni ELISA, kipimo cha kingamwili, ya albumini ya kipanya hasa, si ya binadamu, na mkojo uzimuliwe kwa viwango viwili tofauti, tuseme mara 500 na mara 5,000. Albumini ikizidi sana, kingamwili za kipimo hujaa zote na namba hurudi chini. Mnyama mgonjwa kuliko wote anasomeka kama mzima. Dawa ya kosa hili ni vile viwango viwili: visipokubaliana, rudia. Hifadhi mkojo kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kadiri wiki zinavyopita albumini hukatikakatika na kipimo hakiioni.

Wengi hukwepa kizimba kwa kuchukua matone machache na kugawa albumini kwa kreatinini. Ni njia inayofaa, ilimradi ukumbuke kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli. Kipanya wa streptozotosini aliyekonda hutoa kreatinini kidogo, kwa hiyo uwiano wake hupanda hata kama albumini haikuongezeka. Pale ambapo swali lote linategemea albumini, kukusanya mkojo wa saa 24 bado kunastahili taabu yake.

Kreatinini ya damu, rafiki wa hospitali asiyefaa hapa

Kreatinini ya damu ya kipanya mzima ni takriban miligramu 0.1 kwa desilita inapopimwa kwa kromatografia. Kipimo cha zamani cha Jaffe, kinachotumia asidi ya pikriki na kubadilika rangi ya chungwa, hutoa namba kubwa mara kadhaa kwa damu hiyohiyo, kwa kuwa asidi hiyo hushikana na vitu vingine vingi. Miongoni mwa vitu hivyo ni sukari na ketoni, ambavyo mnyama wa kisukari anavyo kwa wingi. Kundi la wagonjwa litaonekana na kreatinini iliyopanda wakati kilichopanda ni ketoni. Kipimo cha vimeng'enya ni bora, na kromatografia yenye spektrometa ya masi ni bora zaidi, lakini hata hapo kipanya hutoa sehemu kubwa ya kreatinini kupitia mirija badala ya kuichuja, kwa hiyo figo inaweza kupoteza mengi kabla namba haijasogea. Urea nayo hupanda kwa kukosa maji na kwa chakula chenye protini nyingi. Mtu anayetegemea hivi viwili peke yake kutetea dawa mpya hajapima uchujaji.

Kupima uchujaji wenyewe

Inulini ni wanga unaopatikana kwenye mimea kama chikori. Huchujwa na glomeruli bila kizuizi, haurudishwi, hauongezwi na mirija. Ukiufunga na rangi inayong'aa iitwayo FITC, unaweza kuufuatilia kwa matone ya damu. Rangi iliyo huru lazima iondolewe kwanza kwa kuloweka myeyusho ndani ya mfuko wa utando wa kuchujia kwa saa 24, gizani, kisha kuuchuja. Mnyama huchomwa kwenye mshipa, kiasi kinachojulikana kwa usahihi, na damu huchukuliwa mkiani kwa dakika kama 3, 7, 10, 15, 35, 55 na 75. Matone hayo saba, kila moja la mikrolita 10 hadi 20, hayafiki hata mikrolita 150, na kipanya wa gramu 25 ana damu ya mililita 2 hivi, kwa hiyo anastahimili.

Rangi ikishuka kwenye damu hufuata mikondo miwili: wa haraka, inaposambaa kwenye tishu, na wa polepole, figo inapoitoa. Mikondo yote miwili huingia kwenye hesabu. Anayechora mstari mmoja tu hupata uchujaji uliozidi. Ng'aro ya FITC hutegemea pH, kwa hiyo kila sampuli husawazishwa kuwa 7.4 kwa bafa kabla ya kusomwa. Kosa dogo zaidi linaloharibu kila kitu ni sindano iliyotoka nje ya mshipa wa mkia: dozi huingia taratibu kutoka kwenye nyama, mkondo wa kwanza hutoweka, na hesabu haina maana. Pima sindano kwenye mizani kabla na baada ya kuchoma, upate dozi halisi iliyoingia.

Njia mpya zaidi huondoa damu kabisa. Kifaa chepesi chenye taa na kihisi hubandikwa ubavuni palipoondolewa manyoya, mnyama huchomwa sinistrini, ndugu wa inulini, yenye FITC, huzinduka kutoka usingizi wa isoflureni, na kifaa hurekodi mng'ao kupitia ngozi kwa saa moja au zaidi huku akitembea. Kipanya mweusi huweza kuwa na mabaka ya rangi kwenye ngozi pale manyoya yanapokuwa yanaota. Kifaa kikiwekwa juu yake, taa humezwa. Tafuta sehemu nyeupe.

Kifaa hakipimi mikrolita kwa dakika. Kinapima muda ambao mng'ao hupungua nusu. Kwa kipanya, namba 14,616.8 hugawanywa kwa dakika hizo ili kupata mikrolita kwa dakika kwa kila gramu 100 za mwili. Nusu-muda wa dakika 14 hutoa karibu 1,044, sawa na mikrolita 261 kwa kipanya wa gramu 25. Namba hiyo ya kugawia ilipatikana kwa wanyama wenye uwiano wa kawaida kati ya maji ya mwili na uzito. Db/db aliyejaa mafuta hana uwiano huo, na aliyekauka kwa kukojoa hana pia. Andika nusu-muda wenyewe kwenye jedwali, kando ya uchujaji uliokokotolewa, ili msomaji aone kipi kilipimwa na kipi kilidhaniwa.

Hapo ndipo tunaporudi kwa vipanya watatu wa mwanzo. Uzito wa mwili ni kigawanyo kibovu kwa sababu kisukari chenyewe huubadilisha, tena kwa kila modeli, yaani kila aina ya mnyama mgonjwa, upande wake. Uzito wa figo ni mbaya zaidi, kwani figo za kisukari huvimba, na ukigawa kwa uzito huo unaufuta uchujaji uliopanda kwa kuugawa na kilichoupandisha. Urefu wa mfupa wa muundi haunenepi wala haukondi kwa wiki chache. Kwa wanyama wa umri na jinsia moja, namba tupu kwa kila mnyama mara nyingi ndiyo ya kweli kuliko zote, na inapaswa kuwepo hata kama mwandishi anapenda nyingine.

Kile kinachoweza kuitwa ugonjwa

Muungano wa watafiti wa modeli za wanyama wa Marekani, AMDCC, uliweka kipimo cha juu: uchujaji uwe umeshuka zaidi ya asilimia 50 katika maisha ya mnyama, albumini iwe imezidi mara 10 ya wenzake wa nasaba, umri na jinsia hiyohiyo, na tishu zionyeshe mesanjia (tishu inayoshikilia mishipa ya glomeruli) iliyotanuka, utando wa chini wa glomeruli uliokuwa mnene kwa zaidi ya asilimia 25, mishipa midogo ambayo kuta zake zimejaa protini kama kioo, na makovu kati ya mirija. Modeli nyingi hazifiki huko. Hilo halizifanyi kuwa bure. Linazifanya kuwa modeli za ugonjwa wa awali, na ndivyo zinavyopaswa kuitwa.

Kwa tishu, vipande vya unene wa mikromita 3 na rangi ya PAS, inayoonyesha mesanjia na utando, vinatosha kwa sehemu kubwa. Hesabu glomeruli 30 hadi 50 kwa kila mnyama, uache zile zilizokatwa pembeni, na anayesoma asijue kundi. Glomeruli 50 kutoka kwa vipanya 6 ni sampuli 6, si 300.

Kosa la mwisho ndilo linaloziangusha tafiti nyingi za mitishamba, hata zile zilizopima kila kitu vizuri. Mnyama anapewa dawa ya majani siku chache kabla ya streptozotosini, au pamoja nayo. Baada ya wiki 8 sukari yake iko chini kuliko wenzake, albumini iko chini, glomeruli zinapendeza, na makala yanasema majani yanalinda figo. Huenda yalizikinga seli za kongosho tu, kama nikotinamidi, aina ya vitamini B3, inavyojulikana kufanya, au yaliizuia sumu isiingie. Figo zilipona kwa kuwa kisukari hakikuja. Anza dawa baada ya kisukari kuthibitishwa, gawa wanyama kwenye makundi wakiwa na sukari inayolingana, na ongeza kundi moja linaloshushwa sukari kwa insulini hadi kiwango kilekile cha kundi la dawa. Makundi hayo mawili yakilingana sukari na bado ya dawa yakawa na albumini ndogo, hapo kuna jambo la kuzungumza kuhusu figo.